Ramirezi na kadinali wanakufa mmoja mmoja: acha kukimbizana na pH

Mkuu, pole kwa samaki uliowapoteza. Nimesoma maelezo yako yote na nitajibu kwa urefu, maana tatizo hili linawakuta wengi na majibu ya mstari mmoja ndiyo yanayozidi kuwaua samaki. Kwa aliyeingia sasa hivi: mwenzetu ana tangi la lita 120 lenye wiki mbili tangu lijazwe. Ameweka ramirezi 4 na tetra kadinali 15. Maji ni maangavu, joto nyuzi 26, pH (kipimo cha uasidi wa maji; namba ikishuka asidi imezidi) ya bombani 7.6. Kila baada ya siku mbili anatia dawa ya kushusha pH ili ifike 6.5 aliyoisoma kuwa ndiyo ya samaki hawa. Samaki wanakufa mmoja mmoja bila kidonda wala doa, na anauliza kama kweli wanafugika nyumbani.

Wanafugika. Nimefuga ramirezi, kadinali na diskasi (wale samaki bapa wa duara) kwa miaka mingi, na wanaonishangaza bado ni ramirezi, jinsi samaki mdogo kama kidole anavyosimama mbele ya mayai yake kumfukuza aliyemzidi ukubwa mara tano. Kwako tatizo si pH 7.6. Ni mambo mawili yaliyokutana: tangi changa, na pH inayopandishwa na kushushwa kila siku mbili.

Nianze na pH, kwa sababu hiyo unaweza kuiacha leo hii. Maji ya bomba huwa na bikabonati, na kazi yake kwa mfugaji ni kuishika pH isiyumbe. Kiasi chake tunakipima kwa KH. Digrii moja ya KH ni karibu miligramu 18 kwa lita, ikihesabiwa kama kalisi kabonati. Unapotia asidi, bikabonati inaipokea na kugeuka hewa ukaa. Kwa saa kadhaa kipimo kinaonyesha pH imeshuka. Halafu hewa ukaa inatoka majini, pH inapanda tena karibu na ilipokuwa, nawe unatia dozi nyingine. Kwa samaki, kutoka 7.6 hadi 6.5 si hatua ndogo, kwani kila namba moja ya pH ni tofauti ya mara kumi ya uasidi. Mwili wake unalazimika kujipanga upya, na kabla haujamaliza mambo yamegeuka tena.

Hilo peke yake linatosha kumchosha ramirezi, lakini kuna lingine baya zaidi nyuma yake. Kila dozi inakula sehemu ya KH. Siku KH itakapokwisha hakuna kitakachoishika pH, na inaweza kuporomoka chini ya 6 usiku mmoja. Chini ya hapo bakteria wanaosafisha maji hufanya kazi kwa kusuasua sana, kwa hiyo amonia, uchafu wa samaki wenye sumu, inarundikana. Ajabu ni kwamba samaki wanaweza kuonekana wazima kabisa wakati huo, kwa sababu kwenye maji yenye asidi karibu amonia yote inakuwa ayoni ya amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Asubuhi unabadilisha maji kwa nia njema, unaingiza maji ya pH 7.6, na amoniamu iliyorundikana inageuka amonia ya kweli. Jioni unatoa maiti, unasema hawa samaki ni wepesi kufa.

Namba zake ni hizi. Kwenye nyuzi 28, pH ikiwa 7, kama asilimia 0.7 ya amonia yote iliyomo ndiyo yenye sumu kali. pH ikifika 8 inakuwa kama asilimia 6.5. Yaani sumu imeongezeka zaidi ya mara tisa bila tone moja la uchafu kuongezwa. Vipimo vingi vya matone vinakuonyesha jumla ya aina zote mbili, ndiyo maana amonia ya 1 (miligramu kwa lita) kwenye tangi lako haina maana sawa na amonia ya 1 kwenye tangi la mwenye pH 6.5. Anayekuambia "kwangu ilifika 1 na hakuna aliyekufa" huenda anasema kweli kabisa, na bado ushauri wake ukakuulia samaki.

Sasa tangi changa. Maji kuwa maangavu hayakuambii chochote kuhusu amonia. Haina rangi na kwa viwango vinavyoua samaki hutaisikia harufu. Inatoka kwa samaki wenyewe, sehemu kubwa kupitia matamvua, na nyingine kwenye chakula kinachooza. Wanaoiondoa ni bakteria wanaokaa kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na juu ya mawe. Kundi la kina Nitrosomonas wanaigeuza kuwa naitraiti, kisha kina Nitrospira wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Makundi haya huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye tangi lililoanza bila chochote. Wewe una wiki mbili na samaki 19. Kwa kawaida hicho ndicho kipindi ambacho amonia inaanza kushuka na naitraiti ndiyo inapanda.

Naitraiti ina namna yake ya kuua. Inaingia kwenye damu na kuigeuza himoglobini ishindwe kubeba oksijeni. Damu inakuwa ya hudhurungi. Samaki anahema haraka, anakaa karibu na uso wa maji au mbele ya mkondo wa filta, na mtu anadhani pampu ya hewa haitoshi. Ukiona hivyo pima naitraiti kabla ya kununua pampu nyingine. Kloridi inazuia naitraiti isipite kwenye matamvua, ndiyo maana chumvi safi isiyo na iodini, gramu 1 kwa kila lita 10, huwaokoa samaki wakati bakteria wanajijenga. Kiasi hicho ni kidogo sana hata kwa samaki wa maji laini. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi, uimwage polepole mbele ya filta.

Cha kufanya leo: acha dawa ya pH na usiirudie. Pima amonia, naitraiti, pH na KH kabla hujagusa maji. Kama pH bado iko 7 au zaidi, badilisha robo hadi theluthi ya maji, urudie kila siku hadi amonia na naitraiti vikae sifuri. Kama umekuta pH imeanguka chini ya 6.5 na amonia ipo, usibadilishe maji mengi kwa mkupuo, kwa sababu ile niliyoeleza hapo juu. Badilisha kama asilimia 10, mara mbili au tatu kwa siku, ukitumia dawa ya maji inayofunga amonia, pH ipande taratibu. Lisha kidogo sana, mara moja kwa siku. Samaki mzima mwenye afya hafi kwa kukosa chakula siku mbili, ila chakula kinachobaki chini kitammaliza.

Maji mapya lazima yaondolewe klorini. Kuyaacha kwenye ndoo usiku kucha kunasaidia kwa klorini ya kawaida, lakini baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, na hiyo haitoki kwa kuyaacha wazi. Dawa za kuondoa klorini huivunja, na ikivunjika inaacha amonia ndani ya maji, hivyo chagua dawa inayoshughulikia vyote viwili. Na usioshe kamwe sponji ya filta kwa maji ya bomba. Ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, basi; ikibaki na rangi ya kahawia usihangaike, humo ndimo wanamoishi wafanyakazi wako.

Kama unamjua mfugaji mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji ya filta yake. Kisafirishe kikiwa kimelowa na ukiingize kwenye filta yako siku hiyo hiyo. Kwangu hakuna chupa ya bakteria ya dukani iliyowahi kufikia hicho kipande cha sponji chafu.

Watu watakwambia nyuzi 26 ni chache kwa ramirezi, na ni kweli. Samaki huyu, Mikrogeophagus ramirezi, anatoka nyanda za mto Orinoko, Venezuela na Kolombia, kwenye maji ya kina kifupi yanayopigwa jua, na anastawi kati ya nyuzi 27 na 30. Kwenye baridi kinga yake inalegea. Lakini usipandishe leo. Joto likipanda, sehemu ya amonia yenye sumu inaongezeka, na oksijeni inapungua: maji ya nyuzi 25 yakishiba hubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na kwenye nyuzi 30 ni kama 7.6 tu. Subiri amonia na naitraiti viwe sifuri, kisha panda nyuzi moja kwa siku hadi 28, ukiwa umehakikisha mdomo wa filta unautikisa uso wa maji. Kadinali, Paracheirodon axelrodi, ataenda naye vizuri kwenye 28. Hakikisha tu ni kadinali kweli: mstari wake mwekundu unaenda mwili mzima kutoka kichwani hadi mkiani. Kama wekundu unaanzia katikati ya mwili kwenda mkiani, huyo ni neoni, Paracheirodon innesi, ambaye anapenda maji ya baridi zaidi, na kumweka na ramirezi ni kumchosha bila sababu.

Kuhusu hita, kwa tangi lako ningeweka mbili za wati 50 au 75 badala ya moja kubwa. Hita huwa zinaharibika kwa njia mbili, inazima isiwake au inawaka isizime, na ya pili ndiyo mbaya zaidi. Hita kubwa iliyoganda ikiwaka inawapika samaki kabla hujarudi nyumbani. Ndogo itachukua muda mrefu, na utaiona kwenye kipimajoto. Weka kipimajoto upande wa mbali na hita.

Ukishatulia, lile swali lako la maji laini linastahili jibu. Je, ramirezi na kadinali wanahitaji pH 6.5? Kadinali wa porini wanatoka hasa kwenye bonde la Rio Negro, ambako maji ni meusi kama chai ya rangi na pH yake huwa kati ya 4 na 5, karibu hayana madini kabisa. Lakini kati ya kuishi na kuzaa kuna tofauti. Wote wawili, hasa waliozaliwa kwenye matangi, nimewaona wakiishi vizuri kwenye pH ya 7 na zaidi kidogo, maji yakiwa na ugumu wa wastani na yasiyobadilikabadilika. Kuzaa ndiko kunakodai maji laini. Kwenye maji magumu utaona mayai yanageuka meupe na kuota ukungu, hata wazazi wakijitahidi vipi. Wapo samaki wasio na mjadala, kama gurami wa chokoleti, Sphaerichthys osphromenoides, wa vinamasi vya Malesia, Sumatra na Borneo. Huyo bila maji laini yenye asidi usimguse. Wako si wa kundi hilo.

Ukitaka kulainisha, lainisha KH yenyewe, na pH itafuata bila kulazimishwa. Njia ni moja tu ninayoiamini: kuchanganya maji ya bomba na maji yasiyo na madini, ama ya mashine ya osmosisi ama ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo, na paa lenyewe lisiwe na rangi mpya wala madini ya risasi. Hesabu yake haina ugumu. Bomba likiwa na KH 8, nusu kwa nusu unapata KH 4. Changanya kwenye pipa, siyo ndani ya tangi, pasha joto, pima, ndipo umwage. Na uwiano huo uushike wiki hadi wiki. Usishuke chini ya KH 2 mpaka umeyazoea maji yako, kwa sababu huko pH inaporomoka kirahisi. Teremka kwa majuma kadhaa, sio kwa siku.

Kwenye maji yaliyokwisha kulainika, majani makavu ya mti wa mkungu (Terminalia catappa) yanafanya kazi nzuri. Okota yaliyoanguka yenyewe na kukauka, mbali na barabara na dawa za kunyunyizia, yaoshe, weka matatu au manne kwenye tangi la lita 100. Yanatoa tanini, maji yanapata rangi ya kahawia, pH inashuka kidogo na samaki wanatulia kwa kuwa mwanga mkali umepungua. Kwenye maji yenye KH kubwa yatakupa rangi tu na pH haitasogea.

Kuna jambo ambalo naliona linapuuzwa kuliko yote, nalo ni ile saa ya kwanza samaki anapofika. Katika mfuko, samaki anapumua, hewa ukaa inajaa, pH ya maji yale inashuka, na amonia aliyoitoa inakaa kama amoniamu isiyomdhuru sana. Unapofungua mfuko, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amoniamu inageuka sumu akiwa bado ndani. Kwa hiyo ule ushauri wa kumtilia maji tone kwa tone kwa saa mbili unafaa kwa samaki aliyetoka mwendo mfupi, kwenye maji bado safi. Aliyesafiri siku nzima au zaidi, weka mfuko uliofungwa uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 joto lilingane, fungua, mtoe kwa wavu laini, mwingize. Maji ya mfuko usiyamwage kwenye tangi. Ili hilo lisimshtue, muulize aliyekuuzia pH na ugumu wa maji yake kabla ya kununua, na uandae tangi la karantini (la kumtenga mgeni) lenye maji yanayofanana nayo. Mhamishie kwenye maji yako taratibu ndani ya wiki zinazofuata, kila unapobadilisha maji.

Karantini kwangu ni wiki nne na sina msamaha, hata samaki awe mzuri vipi machoni. Tangi la lita 40, filta ya sponji iliyokwisha kukomaa, hita, na bomba fupi la plastiki la kujificha. Hapo ndipo unapoona anayekula na asiyekula. Ramirezi na diskasi wanaotoa choo cheupe chembamba kama uzi, tumbo likiwa limebonyea, mara nyingi wana vimelea vya tumboni vya jamii ya Spironucleus. Metronidazo iliyochanganywa kwenye chakula ndiyo huwasaidia, mradi bado anakula. Akishagoma, nafasi yake inapungua kila siku. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni Ichthyophthirius. Dawa inamkuta kimelea huyo pale tu anapoogelea huru majini, haimfikii akiwa ndani ya ngozi, kwa hiyo kuacha dawa siku madoa yanapopotea ni kuwaachia waliobaki waanze upya.

Ngozi yenyewe ichunge sana. Ule utelezi juu ya magamba ndio ngao ya kwanza ya samaki, na kwa diskasi ni zaidi ya ngao: baba na mama wote wawili huwalisha vifaranga vyao kwa utelezi wa miili yao. Vifaranga vinaganda ubavuni mwa mzazi mmoja, vinakula, kisha mzazi anajitikisa na vinahamia kwa mwenzake. Nimekaa mbele ya kioo nikilitazama hilo hadi chakula changu kikapoa. Ukishaona hivyo hutamshika samaki kwa mkono mkavu wala kumburuza kwa wavu mgumu, na utaelewa kwa nini kuyumba kwa pH, kunakouchubua utelezi huo huo, kunafungua mlango kwa kila ugonjwa.

Chakula nitakigusia tu. Ramirezi ana mdomo mdogo na aibu nyingi. Kadinali wakijaa juu wanamaliza kila kitu kabla hajafika. Mpe vitu vidogo vinavyozama, na aritemia au dafinia (vijidudu vya majini) wa kugandishwa mara kadhaa kwa wiki. Simama uhesabu kila mmoja amemeza. Mchanga uwe laini, kwa sababu anapenda kuuchota na kuuchekecha mdomoni.

Usinunue samaki wa kujazia nafasi ya waliokufa. Ngoja amonia na naitraiti vikae sifuri wiki mbili mfululizo na samaki waliobaki wakiwa wanalishwa kawaida, kisha ongeza kadinali kwanza, ramirezi mwisho kabisa, tangi likiwa na miezi miwili au mitatu.

Jioni hii, kabla ya kubadilisha maji, niandikie namba nne: amonia, naitraiti, pH na KH ya tangi, na KH ya bombani pembeni yake. Niambie pia ni wangapi wamebaki, na kama wanahema juu au wamejificha chini. Nikiziona namba hizo nitakwambia ubadilishe lita ngapi.